Fizio ya Soweto: nyota nne, ya tano imebaki chooni

Nimekwenda hapa miezi minne, mara mbili kwa wiki, kwa hela yangu mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kusema. Ni chumba kimoja kirefu cha mazoezi tiba, Soweto, hapa Moshi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Bango lake limefifia. Ukimwambia dereva wa bajaji "nipeleke kwa fizio" utajikuta kwingine kabisa; mwambie akushushe penye mwembe na kijiwe cha kahawa.

Nina miaka 43, nilikuwa nafundisha sekondari, na nina maltipo sklerosisi, wengi huiita MS. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia ala inayofunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho. Hauambukizi. Zipo dawa za kuupunguza kasi, ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Kwa nchi zilizo karibu na ikweta ni ugonjwa adimu, ndiyo maana kabla hospitali haijaupa jina, mtaa ulishaupa lake. Mguu wangu wa kulia unaburuta, nayumba nikichoka, na mtaa wangu wote wa Pasua uliamini mwalimu anaanza pombe ya mbege kabla ya chai.

Kabla ya hapa nilijaribu mahali pengine, sipataji. Ilikuwa Februari, saa nane mchana, chini ya bati lisilo na dari. Nikaambiwa nikae na kusimama mara thelathini, "jikaze mama, usijihurumie." Nilipofika ya ishirini jicho la kushoto likaingia ukungu, miguu ikawa kama si yangu. Nilibebwa hadi kwenye bajaji. Nilirudi nyumbani nikiamini ugonjwa umepanda, nikakaa wiki sita bila mazoezi yoyote. Wiki sita!

Sasa huyu wa Soweto. Ni kijana, mdogo kwangu kabisa kwa umri, ananiita Mwalimu. Nilipomsimulia habari ya jicho hakushangaa hata kidogo. Akasema daktari mmoja wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika jambo hilo mwaka 1890: wagonjwa wake walikuwa wakifanya kazi ya nguvu, macho yanafifia, wakipumzika yanarudi. Neva iliyochubuka ala hupitisha ujumbe kwa taabu, na joto la mwili likipanda hata nusu digrii tu, ujumbe unakwama njiani. Mwili ukipoa, unapita tena. Haukuwa ugonjwa umepanda. Lilikuwa bati.

Akaniongezea la kuweka akilini: dalili mpya ikidumu zaidi ya siku nzima, na sina homa wala maambukizi ya mkojo, hapo niache mazoezi nimwone daktari.

Siku ya kwanza hatukufanya zoezi hata moja, na nilikuwa nimeshalipa 25,000, nikanuna. "Mwalimu, nenda na daftari. Wiki nzima andika saa unayochoka na ulichokuwa unafanya." Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka kumi na saba, leo nasahihishiwa langu. Lakini daftari lilisema kweli. Nilikuwa nazimika kila siku kuanzia saa tano, na kila siku kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kwenye jiko la mkaa.

Basi nusu ya tiba yangu ikawa jikoni. Ndizi za mtori namenya nimekaa, alfajiri, zinachemka kungali baridi, halafu mtori unaingia kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana hadi mchana. Sufuria silibebi, sahani ndizo zinalifuata. Khanga iliyoloweshwa shingoni nikiwa karibu na moto. Bafuni kiti cha plastiki, na maji ya vuguvugu tu. Hili la maji nililipinga, maana Julai ya Moshi mnaijua, lakini nilishawahi kuoga ya moto sana nikashindwa kutoka, mwanangu akanitoa nimejifunga taulo. Sibishani tena.

Mazoezi yenyewe ni saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kusimama kati ya vyuma viwili, kuinuka kwenye kiti mara tano, kisha anapumzisha hata kama najisikia naweza. Hasa kama najisikia naweza. Sakafuni amebandika tepu za rangi, mita kumi za kutembea. Nilianza kwa sekunde 19, wiki iliyopita 14. Mzee mmoja wa kiharusi tunayepangiwa naye muda huhesabu kwa sauti kama yuko uwanja wa mpira, na nikimaliza ananiambia "aika mae", yaani asante kwa Kichaga, kana kwamba nimemfanyia yeye.

Yeye fizio ndiye aliyenielekeza nikapimwe kifaa cha kushikilia kifundo ili kidole kisigonge chini. Kwa hilo Moshi tumebarikiwa: chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kipo hapa hapa tangu 1981, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Wanakufunga plasta, wanatoa umbo la mguu, wanatengeneza la plastiki linaloingia ndani ya kiatu. Tatizo ni kiatu. Ilibidi ninunue raba jozi mbili pale soko la Memorial, saizi mbili tofauti, nikavaa moja moja. Muuza mitumba alidhani namtania.

Kasoro. Hawapokei bima, taslimu tu, risiti ya kuandika kwa mkono. Umeme ukikatika feni inalala na hakuna jenereta. Mlangoni kuna kizingiti kirefu ambacho mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kukipita bila kuinuliwa.

Halafu choo. Cha kuchuchumaa, sakafu ya terazo inayoteleza, ukutani hakuna hata msumari wa kushika. MS inagusa kibofu pia, ukibanwa umebanwa, hakuna "subiri kidogo". Mara mbili mhudumu wa mapokezi, dada mwenye moyo, amenishika mikono nikiwa nimechuchumaa, tukitazamana. Mahali panapofundisha watu kusimama! Nimemwambia kijana wangu, kwa adabu lakini bila kuzunguka: bomba moja la chuma, skrubu nne. Akasema fundi anakuja Jumatatu. Ni Jumatatu ya tatu hii.

Duka la vifaa vya ujenzi liko ukuta kwa ukuta. Alhamisi nikienda nitalinunua bomba mwenyewe.