Kuzunguka pabu za zamani Nottingham: bado inalipa, ila usianzie Trip

Watu wakifika Nottingham, mji wa Uingereza, wanakimbilia pabu (baa ya Kiingereza) ya Ye Olde Trip to Jerusalem, kwa kifupi Trip, wanapiga picha pale ukutani palipoandikwa 1189 AD, wanapiga painti moja (glasi ya bia ya zaidi kidogo ya nusu lita) wanaondoka wakijua mji wameumaliza. Sisi enzi za uanafunzi pale, miaka ya mwanzo ya 2000, tulikuwa tunaanzia juu Canning Circus, makutano ya barabara yenye pabu, kwa sababu kutoka pale Derby Road inateremka tu hadi katikati ya mji na mtu mwenye bia tumboni hapendi kilima. Juzi nimerudi na washkaji wa enzi zile tukapita njia ileile, mmoja sasa ana kitambi, mwingine magoti yanamsumbua, mimi nina vyote viwili. Kwa hiyo hii rivyuu ni ya mzunguko mzima.

Kwanza bei maana najua ndo mtauliza. Wakati ule painti ilikuwa pauni mbili na chenji kidogo, sasa hivi ukilipa chini ya tano una bahati, na kama mnazungusha raundi watu watatu wanne basi ikifika zamu yako utaona mwenyewe. Ushauri wangu agiza nusu painti, hakuna atakayekucheka, zamani tungekucheka sana lakini ule ulikuwa utoto.

Canning Circus nitapita haraka, ni sehemu ya kupasha misuli tu. Mambo yenyewe yanaanzia Bell Inn, pale Angel Row pembeni ya uwanja wa Old Market Square. Unaingia kwa kakorido kembamba ka mawe, vyumba viko huku na huku, na mbele yake kwenye uwanja unasikia kengele ya Council House, jengo la halmashauri ya mji, ile wanayoiita Little John, ina sauti nzito hiyo mpaka glasi unahisi inatikisika. Hapo ndo mwambie anayehudumia akupe bia ya mkono, yaani ile inayovutwa na mpini mrefu wa mbao toka kwenye pipa chini. Anavuta mara ya kwanza pole pole, ya pili, ya tatu, povu linamwagika pembeni, anasubiri itulie anaongezea. Kama umezoea bia ya baridi mpaka chupa inatoa jasho utadhani umeletewa iliyosahaulika mezani, mimi mwaka wa kwanza nilidhani hivyohivyo. Ndo ilivyo jamani, ni ubaridi wa chini ya ardhi sio wa friji, na ladha inasikika vizuri zaidi, mpe muda.

Ila lazima bia iwe nzima. Baa moja katikati ya mji, siitaji jina, walinipa painti yenye harufu ya siki kabisa, nikairudisha kaunta kijana akaanza kubishana eti ndo inavyotakiwa iwe. Pabu inayojiheshimu Uingereza inakubadilishia bila maneno, kwa hiyo usione aibu kurudisha.

Kutoka Bell unavuka kwenda Ye Olde Salutation, wenyeji wanaiita Sal. Hii ndo nambari moja kwangu. Nje kuna Maid Marian Way, barabara kubwa mbaya ya magari, huwezi kuamini hapo pembeni kuna nyumba ya mbao ya miaka ya 1400. Ndani chini wanakaa wazee, juu ni watu wa roki na majaketi ya ngozi, wanaonekana wakali kumbe ndo wapole kuliko wote, zamani mmoja wao alitubebea mwenzetu aliyezidiwa mpaka kwenye teksi na nauli akataka kulipa. Chini ya jengo kuna mapango, omba kuonyeshwa kama hawajabanwa na wateja. Nottingham imekaa juu ya jiwe la mchanga, laini kiasi kwamba watu wamelichimba kwa mikono karne na karne, mapango yaliyohesabiwa ni zaidi ya 800, na kwa watengeneza bia ilikuwa raha tupu maana mle ndani joto halipandi wala halishuki sana mwaka mzima.

Halafu kuna ule ugomvi wa nani mkongwe. Trip imeandika 1189, Sal imeandika 1240, Bell imeandika 1437. Wataalamu walishapima pete za miti, zile zinazoonyesha umri wa mti, kwenye mbao zao na Bell na Sal zote zikatoka miaka ya 1400, wakati jengo la Trip linaonekana ni la miaka ya 1600 hivi ingawa mapango yake yanaweza kuwa ya zamani zaidi. Zamani tulibishana hili mpaka povu la mdomoni likazidi la glasi. Sasa hivi sijali kabisa, tarehe ya ukutani hainywewi.

Trip nenda ya tatu, siku ya katikati ya wiki, ukiwa bado na akili. Jengo limeegemea mwamba wa kasri na vyumba vya nyuma vimechimbwa ndani ya mwamba wenyewe, unakaa dari ni jiwe tupu lina rangi ya moshi, moshi wa kweli, maana mpaka Julai 2007 watu walikuwa wanavuta sigara ndani. Kuna kimeli cha mbao juu, wanasema kila aliyewahi kukisafisha alikufa, kwa hiyo kimeachwa na mavumbi yake ndani ya kioo. Na kuna mchezo wa kurusha pete iliyofungwa kwenye kamba, inatakiwa inase kwenye pembe ukutani. Kulikuwa na mzee mmoja anairusha bila hata kuangalia, glasi mkono wa pili haitikisiki, inanasa, anaivuta, inanasa tena. Sisi tulijaribu tukawapiga watu mabegani.

Utofauti mkubwa na zamani ni kwamba hakuna haraka. Kabla ya Novemba 2005 pabu nyingi zilikuwa zinafunga saa tano usiku, inapigwa kengele ya kuagiza mara ya mwisho, halafu mna dakika 20 za kumalizia mlichonacho, kwa hiyo kuanzia saa nne watu walikuwa wanakunywa kama wanazima moto. Vyumba vyote hivi nilivyovieleza sikuwahi kuviona vizuri, nilikuwa naangalia saa. Wenzangu wanaikumbuka ile kengele kwa huzuni, mimi hapana.

Mkiwa bado mna nguvu malizieni Canalhouse, mfereji umeingia hadi ndani ya pabu na mashua zimeegeshwa humo, au Vat & Fiddle, iko kwenye kiwanda kidogo cha bia cha Castle Rock, Harvest Pale yao ilichukua ubingwa wa bia Uingereza 2010 na ni nyepesi hata kwa asiyependa bia ya mkono. Hiyo ya mwisho iko jirani kabisa na stesheni, kwa hiyo ukiachwa na treni umejitakia mwenyewe.