Rubondo: nenda kwa miguu, sokwe wakitokea ni bahati yako

Kama shida yako ni simba, Rubondo haikufai; Serengeti ipo, nenda kule. Hiki ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, pembe ya kusini magharibi, hifadhi ya taifa tangu 1977. Ukijumlisha na maji yanayokizunguka, eneo lote ni kilomita za mraba 456, na nchi kavu karibu yote imefunikwa na msitu. Simba hakuna, chui hakuna, fisi hakuna. Kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo, maana unatembea. Hukai kwenye gari kutwa nzima unakula vumbi la gari la mbele.

Tulitokea Mwanza kwa barabara. Siku hizi foleni ya kivuko Kigongo imekwisha, unapita darajani hadi Busisi, Sengerema, Geita, kisha unachagua: ushuke Nkome ukapande boti, au uendelee hadi Chato, uingie Muganza na kuvukia Kasenda. Sisi tulivukia Kasenda kwa sababu ni karibu zaidi, na shemeji yangu mawimbi na yeye hawapatani. Wenye haraka na pesa huruka kwa ndege ndogo.

Sokwe mtu ndio wanaowapeleka watu wengi, basi nianze nao. Si wenyeji wa kisiwa. Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Frankfurt, yule aliyezikwa ukingoni mwa Ngorongoro, aliwaleta 17 kwa meli kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamezoea vizimba na kulishwa na watu. Wakafunguliwa milango, basi, hakuna aliyewafundisha tunda gani linaliwa wala namna ya kutandika kiota juu ya mti. Wakajifunza wenyewe, wakazaa, na hawa wa leo ni watoto na wajukuu wao waliozaliwa msituni.

Kuwaona ni kazi. Askari wetu alitangulia, anasimama, anasikiliza, anageuza njia. Tulipita kwenye mizabibu mwitu na miti iliyoanguka, jasho linatiririka. "Dada, angalia juu, hapo walilala jana," akaniambia, akinionyesha viota vya majani yaliyoanza kunyauka. Baadaye tukasikia makelele yao, yale ya kupokezana yanayopanda hadi nywele zinakusimama. Tuliowaona kwa macho ni wachache, weusi, juu sana, na jike mmoja aliyeshuka kwenye shina akatukazia macho kisha akaenda zake. Shemeji alinung'unika kwamba kwa safari yote ile alitegemea zaidi. Mimi niliridhika kabisa. Sokwe ambaye babu zake walikuwa kwenye vizimba, leo anaamua mwenyewe kama anataka kuonekana!

Lakini mnyama aliyenifurahisha kupita wote ni nzohe. Huyu ndiye mwenyeji halisi. Swala wa majini, kwato zake ndefu na zimetanuka, hivyo anapita kwenye matope ya mafunjo pasipo kuzama. Akishtuka huingia majini na kujificha, akabakiza pua tu juu. Kwa kuwa hakuna simba wala chui wa kumwinda, kule Rubondo humkuti kwenye mafunjo peke yake, hata msituni anazurura. Tulimkuta dume alfajiri, manyoya yamelowa, anatafuna bila wasiwasi.

Asubuhi ya boti pembeni mwa kisiwa usiikose. Mamba wakubwa kwenye miamba, kenge, fisi-maji (hawa wanakula samaki, si fisi wa nchi kavu) wakicheza na kupotea, mnandi wamejaa miti hadi imegeuka myeupe kwa kinyesi, na furukombe karibu kila ghuba. Kuna pia kasuku wa kijivu, uzao wa waliokamatwa kwenye biashara haramu na kuachiwa hapo mwaka 2000, tuliwasikia tu. Tembo na twiga nao waliletwa. Vifaru pia waliletwa, ila majangili wakawamaliza. Uvuvi wa biashara ni marufuku kwenye maji ya hifadhi, na hapo ndipo sangara na sato wanapopata nafasi ya kuzaliana. Ukitaka kuvua kwa starehe unaruhusiwa kwa kibali.

Tulilala kwenye mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Kageye, ufukweni. Pasafi, patulivu. Usiku usitoke ovyo: viboko hupanda kula nyasi mlangoni kabisa, utawasikia wanavyong'oa. Kiboko si mnyama wa kupigia picha kwa simu, mwite askari.

Kwa anayejipanga: nenda miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, njia za msituni zinapitika vizuri. Suruali ndefu, viatu vya kufunika, mikono mirefu. Chakula nunua Geita au Chato kabla ya kuvuka. Malipo ya hifadhi hayapokelewi taslimu. Na boti ndiyo inayokula pesa kuliko kitu kingine, kwa hiyo uliza mapema bei uliyotajiwa ni ya boti nzima au ya kichwa. Wakala mmoja mjini alitaka kutulipisha kila mtu bei ya boti nzima. Mkiwa watu sita au saba mnachangia na inakuwa nafuu. Wazee wenye magoti mabovu waachieni safari ya boti, ya sokwe itawatesa.