Adapta za pawalaini: ipi ununue, na lini ununue waya tu

Ruta iko sebuleni, chumba cha nyuma hakipati kitu. Kuta za tofali za saruji hupunguza sana mawimbi ya Wi-Fi. Nyumba ikiwa ya ghorofa, slebu ya zege yenye nondo huzuia karibu yote ya 5 GHz, na yale ya 2.4 GHz hufika yakiwa dhaifu. Hapo ndipo watu hutafuta adapta za pawalaini, yaani vile visanduku viwili vinavyopitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme. Ni suluhisho zuri, ila si la kila nyumba.

Anza na kisicho na gharama: sogeza ruta. Mafundi wa faiba hupenda kuifunga pale waya ulipoingilia, mara nyingi kona ya mbele karibu na dirisha. Kuileta katikati ya nyumba, juu ya kabati badala ya nyuma ya TV, kunaweza kumaliza tatizo bila kununua chochote. Pili, ukiwa na njia ya kupitisha waya wa mtandao, kwa mfano juu ya dari ya jipsamu, pitisha waya. Cat6 ya shaba halisi hubeba gigabiti hadi mita 100 na haijali pampu ya maji wala umeme kutetereka. Muulize muuzaji waziwazi kama ndani ni shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba. Hiyo ya alumini hukatika kirahisi na husumbua ikipitisha umeme wa kamera. Usiutumbukize kwenye paipu moja na nyaya za umeme. Upande wa pili fungia kisambaza Wi-Fi, basi. Hakuna adapta yoyote hapa chini itakayoushinda waya huo.

Pawalaini inafaa pale ambapo huwezi kutoboa: nyumba ya kupanga, ghorofa iliyokwisha kupakwa rangi, chumba kilichojitenga ndani ya jengo lilelile. Adapta ya kwanza unaichomeka karibu na ruta na kuiunganisha kwa waya mfupi, ya pili kwenye chumba cha mbali. Data husafiri kwa masafa ya megahezi 2 na kuendelea, wakati umeme wenyewe ni hezi 50, kwa hiyo vinapita njia moja bila kugongana.

Namba ya kwenye boksi

Kwenye boksi utakuta daraja la adapta, kama AV600 au AV1000. AV600 haimaanishi utapata Mbps 600. Namba hiyo ni kasi ghafi ya maabara, tena imejumlisha kwenda na kurudi, ilhali adapta haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Angalia tundu la mtandao kwanza. Adapta kama TP-Link TL-PA4010 ni AV600 lakini tundu lake ni la Mbps 100, hivyo hata nyaya zako ziwe mpya namna gani, huvuki 95 hivi. Kwenye nyumba yenye nyaya nzuri, tarajia 30 hadi 80 kwa AV600, na 80 hadi 200 kwa AV1000. Kama kifurushi chako ni cha Mbps 20, huhitaji kulipia zaidi ya AV600.

Tunavyozipanga

Ya kwanza ni AV1000 yenye tundu la gigabiti na soketi usoni, mfano TP-Link TL-PA7017P (herufi P ndiyo inayoonyesha ina soketi). Soketi hiyo si urembo. Adapta inatakiwa ichomekwe ukutani moja kwa moja, kwa hiyo bila soketi usoni unapoteza tundu la umeme. Isitoshe, soketi hiyo ina kichujio kinachozuia kelele za umeme za kifaa utakachokichomeka hapo. Chomeka hapo ekstensheni ya TV na chaja. Pasi na birika la umeme tafutia soketi nyingine. Sababu kubwa ya kuiweka juu ni kwamba daraja hili huridhika na nyaya mbili tu, laini na nyutro, na kwenye nyumba zetu hilo ni jambo zito, kama utakavyoona.

Ya pili ni zile za G.hn, teknolojia nyingine ya pawalaini, kama devolo Magic 2 na TP-Link PG2400P. Zina kasi zaidi na huvumilia kelele vizuri, ila hazizungumzi kabisa na za HomePlug (teknolojia ya hizo zote za AV). Ukichomeka devolo Magic pamoja na TL-PA7017P hazitaonana kamwe, na muuzaji asiyejua atakwambia zimeharibika. Nunua jozi nzima ya aina moja.

Ya tatu ni AV600 yenye Wi-Fi ndani yake, kama TL-WPA4220. Wi-Fi yake ni ya 2.4 GHz tu, lakini kwa simu mbili na TV ya chumbani kwenye kifurushi kidogo inatosha, na inakuokoa kununua kisambaza kingine. Ukitaka 5 GHz, panda hadi TL-WPA7517.

Ya nne ni AV2000, mfano TL-PA9020P. Ni kifaa kizuri, tatizo ni mahali kinapotumika. Kasi yake hutokana na MIMO, yaani kutumia laini, nyutro na ethi (waya wa ardhini) kwa pamoja. Bila ethi inarudi kuwa sawa na AV1000 huku umelipa zaidi.

Za AV200 na AV500 zilizotumika, ziache hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Zinaelewana na mpya, lakini nyaya ni barabara moja kwa wote, na mwenye mwendo mdogo huwachelewesha wengine.

Nyumba yako ndiyo inayoamua

Kagua ethi kabla ya kulipa. Zipo nyumba ambazo soketi ina matundu matatu lakini nyuma ya lile la juu hakuna waya. Kipima soketi chenye taa tatu kitakuonyesha kwa sekunde moja, na fundi umeme anacho. Wanaoagiza kutoka Ujerumani waangalie hapohapo: plagi yao ni ya mviringo, na kigeuzi cha bei rahisi mara nyingi hakiunganishi ethi. Umenunua adapta ya nyaya tatu, unatumia mbili. Zinazouzwa Uingereza na Dubai zina plagi ya pini tatu bapa kama za Tanzania, Kenya, Uganda na Oman.

Kisha hesabu mita na fezi. Nyumba kubwa yenye fezi tatu inaweza kuwa na sebule kwenye fezi moja na vyumba kwenye nyingine. Mawimbi huvuka kidogo tu kwenye boksi kuu, na kasi huporomoka. Fundi anaweza kuhamisha sakiti hizo mbili ziwe fezi moja, ikiwa mzigo unaruhusu. Kama nyumba ya uani ina mita yake ya LUKU, usitegemee pawalaini. Hapo nunua jozi ya antena za nje kama TP-Link CPE510 na uzielekeze zitazamane. Waya wa shaba kati ya majengo mawili ni mwaliko kwa radi.

Kinga za umeme ndizo huharibu mambo zaidi. Kile kifaa cha kulinda friji au TV, stabilaiza, UPS na ekstensheni yenye kinga ya ndani, vyote vimetengenezwa kuzuia hasa aina ya mawimbi ambayo adapta inatuma. Adapta ikikaa nyuma yake inaonekana imekufa. Weka adapta ukutani, kinga nyuma yake. Na kwa kuwa adapta yenyewe sasa haina ulinzi, mwombe fundi afunge kinga kwenye boksi kuu, au ichomoe mvua za radi zikianza.

Kelele nazo zina wenyewe: chaja feki za simu, taa za LED za bei ya chini, pampu ya maji, blenda, inveta. Intaneti ikikatika kila saa moja jioni, zima taa mojamoja hadi umpate mhusika. Kwa wenye sola, kumbuka kwamba umeme ukikatika na ruta ikabaki kwenye inveta huku chumba cha nyuma kikiwa kwenye umeme wa gridi, adapta ya pili imezimika. Adapta zote mbili ziwe upande wa inveta. Na kama kuna mzee nyumbani anayesikiliza redio ya masafa mafupi, mjulishe mapema, maana redio ikiwa karibu na nyaya itakoroma.

Kufunga, na inapogoma

Anzia chumba kimoja, soketi mbili zinazopakana. Bonyeza kitufe cha Pair (cha kuoanisha) cha adapta ya kwanza sekunde moja hadi taa ianze kupepesa, kisha ndani ya dakika mbili bonyeza ya pili. Usiruke hatua hii hata kama zimejiunganisha zenyewe, kwa sababu adapta mpya hutoka kiwandani na jina moja la mtandao. Jirani mwenye kama zako mnaotumia nguzo moja anaweza kuingia kwako bila kukusudia. Ukibonyeza Pair, hutengenezwa ufunguo wenu wa siri.

Zikishaelewana, ndipo uhamishe ya pili. Kwenye adapta nyingi taa ya kijani ni nzuri, nyekundu inakwambia jaribu soketi nyingine. Jaribu zote za chumba hicho, maana mbili za ukuta mmoja zinaweza kutofautiana sana. Programu ya tpPLC ya TP-Link huonyesha kasi kati ya adapta na adapta. Gawanya namba hiyo kwa tatu hivi upate kasi halisi utakayoiona.

Zikikataa kuoanishwa, mara nyingi moja imelala. Bila kifaa chenye uhai kwenye tundu lake la mtandao, adapta hujizima kuokoa umeme baada ya dakika chache, na kitufe hakiitikii. Chomeka kompyuta iliyowashwa kisha urudie. Kama ilitumika kwingine, shikilia Pair sekunde kumi isahau mtandao wa zamani.

Nunua dukani panapokubali kurudisha ndani ya siku saba, na mwandikiane kwenye risiti. Hakuna wa kukuhakikishia nyaya zilizo ndani ya ukuta wako, hata fundi aliyezivuta.