Miezi minane na FamilySearch: nilivyomtafuta babu, fundi viatu wa Mwanza

Nimeitumia FamilySearch, tovuti ya kutafutia asili za koo, kwa miezi minane, nikitafuta asili ya babu mzaa mama, fundi viatu aliyetoka Gujarat, India, akaja kufungua kibanda chake hapa Mwanza. Naandika kwa sababu najua hatuko wachache. Ukizunguka ziwa hili, Kisumu, Musoma, Mwanza mpaka Bukoba, utakuta familia nyingi ambazo babu alivuka bahari, akaoa huku, akazikwa au akachomwa huku, na wajukuu hawajui hata kijiji alikotokea. Kama nawe ni mmoja wao, soma haya kabla hujatoa pesa yako popote.

Mimi nilianza kwa kutoa pesa. Kuna tovuti ya kulipia, jina lake naliacha, iliyonitoza zaidi ya laki na nusu kwa miezi sita. Ukiingia inakuuliza jina la kwanza, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na kanisa alikobatizwa. Babu alikuwa Mhindu, hakubatizwa popote, na tarehe yake ya kuzaliwa hakuijua hata yeye mwenyewe. Nikajaza nilichokuwa nacho, nikaletewa mamia ya Waingereza na Wamarekani. Nilipojitoa wakakata tena kwenye kadi, na iliniuma kweli, kwa sababu ile ilikuwa ada ya mtoto.

FamilySearch ni bure. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzisha chama cha kukusanya habari za koo huko Utah, Marekani, mwaka 1894. Tangu 1938 wamekuwa wakipiga picha za vitabu vya kumbukumbu kwenye filamu, na mwaka 2021 walimaliza kuzihamishia filamu hizo zote, zaidi ya milioni 2.4, kwenye kompyuta. Unafungua akaunti bila kadi ya benki. Ndugu zangu walikuwa na wasiwasi kwamba nitafuatwafuatwa nibadili dini. Miezi minane imepita, hakuna aliyenigusia habari hiyo. Nyaraka nyingi unazisoma ukiwa kwako, nyingine hufunguka kwenye vituo vyao tu. Simu inatosha kutafuta jina, lakini maandishi ya mkono yatakuumiza macho. Mimi nilikuwa naenda kwenye steshenari ya rafiki yangu Kirumba jioni, akishafunga, nakaa kwenye kompyuta yake mpaka saa tatu usiku.

Sasa niseme kilichonifungulia mlango, maana hakikuwa jina wala tarehe. Kilikuwa kazi yake.

Mama ana sanduku la babu. Ndani yake mna kalibu mbili za mti (vile vifano vya mguu ambavyo kiatu hushonewa juu yake), moja ya mguu wa mtu mzima na moja ya mtoto, maharazi, yaani sindano nene ya kutobolea ngozi, yenye mpini uliolika kwa kushikwa, kisu cha kukatia ngozi, na daftari. Hilo daftari nimelijua tangu utoto. Kila ukurasa una unyayo wa mtu, umezungushiwa penseli, kwa sababu zamani mteja alivua kiatu, akakanyaga karatasi, fundi akamchora. Pembeni ya kila unyayo kuna maandishi ya Kigujarati, na kwenye nyayo nyingine kuna alama ndogo ya msalaba palipo na sugu au kidole kilichopinda, ili ngozi ya hapo iachwe na nafasi. Mguu wa mama uko humo, akiwa na miaka minne hivi. Ni mdogo kuliko kiganja changu.

Nikalipeleka daftari kwa mzee mmoja wa Kigujarati hapa mjini. Alivaa miwani, akalifungua jalada la ndani, akasoma taratibu: jina la babu, jina la baba yake, halafu neno Mochi. Nikamwambia hilo ndilo jina letu la ukoo. Akatikisa kichwa. "Mochi ni fundi viatu, mwanangu. Ni kazi, na ni jamii. Mtu anazaliwa humo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wahindi wengi waliokuja huku waliandikwa kwa kazi za jamii zao: Soni ni sonara, Darji mshonaji nguo, Suthar seremala, Luhar mhunzi. Na jina la katikati kwa Wagujarati ni la baba. Kwa hiyo karatasi yoyote yenye majina matatu inakupa vizazi viwili kwa mpigo, pamoja na kazi. Cha kuangalia ni tahajia tu, kwa sababu makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia. Neno hilo moja nimelikuta likiwa Mochi, Muchi, Moochi na Mochee. Tafuta yote manne, usichoke.

Jambo la pili la kuelewa ni njia waliyopita. Nilikuwa nahangaika na kumbukumbu za Tanganyika peke yake, kumbe kabla ya reli ya kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, watu wengi waliotoka India walishukia Mombasa, wakapanda treni ya Reli ya Uganda, iliyofika ziwani mwaka 1901, wakateremka Kisumu, enzi hizo ikiitwa Port Florence, kisha wakavuka kwa meli. Mtu wa Mwanza basi anaweza kuwa kwenye karatasi za Kenya. Gazeti la serikali ya Kenya, tangu 1899, limewekwa Google Books, nalo ni bure. Humo mna matangazo ya mirathi, leseni na orodha za kila namna.

Nililikuta tangazo usiku wa Jumanne. Fundi viatu wa Kisumu, amefariki mwaka 1938, jina la baba yake ni lile lile la baba wa babu, na anayesimamia mirathi ni ndugu yake, fundi viatu wa Mwanza. Jina la babu limeandikwa vibaya kidogo, lakini ni yeye.

Sisi hatukujua kwamba babu alikuwa na ndugu.

Nilimsomea mama kwa simu nikiwa bado steshenari. Alikaa kimya, nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniambia jambo ambalo bibi alimsimulia: kwamba kabla mama hajazaliwa, babu alisafiri kwenda Kisumu, akarudi amenyoa kichwa chote. Bibi ni Msukuma, kunyoa kwa msiba anakujua. Alimuuliza ni nani, babu hakujibu, akakaa kwenye kibanda chake akapiga soli mpaka usiku. Bibi alikufa hajui. Mama ana miaka sabini na kitu, na amelijua jina la baba yake mkubwa kutoka kwangu, kwa simu.

Kwenye FamilySearch yenyewe kuna hazina ambayo wenye asili ya Kihindu hawaambiwi. Tangu 1977 wamepiga picha vitabu vya makuhani wa Haridwar, mji wa hija kando ya Mto Ganga. Kila familia inayofika huko ina kuhani wake, naye huandika nani amekuja, mwana wa nani, mjukuu wa nani. Vitabu hivyo vimepangwa kwa mahali na kwa jamii. Unaona jinsi neno Mochi linavyorudi? Bila kazi na bila kijiji huna pa kuanzia. Mimi nilipekua wiki mbili, sikumpata mtu wetu. Mzee wa mjini aliniambia kwamba kwa Wagujarati niwaulizie pia mabaroti, watu ambao kazi yao ya kurithi ni kutunza vitabu vya nasaba. Huzungukia familia za jamii fulani, wakiandika waliozaliwa.

Nikaweka babu, baba yake na yule ndugu wa Kisumu kwenye mti wa pamoja wa FamilySearch. Hapo uelewe kitu: mti huo ni mmoja kwa dunia nzima, na mtu mwingine anaweza kumrekebisha marehemu wako, kwa hiyo ambatanisha ushahidi na uandike sababu. Walio hai hawaonekani kwa wengine. Mama yangu namwona mimi tu kwenye akaunti yangu.

Baada ya wiki tano nikapata ujumbe humo humo kutoka Leicester, Uingereza. Ni mjukuu wa yule ndugu wa Kisumu. Baba yake alihamia Kampala, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wakaenda Uingereza. Yeye naye alikuwa akijua tu kwamba kulikuwa na "babu wa Mwanza". Ananiita kaka, nami namwita dada, ingawa bado hatujaonana. Nilimtumia picha ya kalibu, akanijibu kwamba wao hawana hata kifaa kimoja, waliondoka na masanduku mawili ya nguo.

Yeye ndiye mwenye mawasiliano ya baroti wao, upande wa Jamnagar, huko Gujarat. Baroti amekipata kitabu. Babu yumo, yuko chini ya baba yake, kando ya ndugu yake, na mbele ya jina lake pameandikwa kwamba amekwenda Afrika. Mbele ya hapo ni peupe. Hana mke, hana mtoto.

Kama kazi ya babu yako unaijua, anza na hiyo, uingie FamilySearch na Gazeti la Kenya kwa wakati mmoja, na pesa yako iweke. Naipendekeza kwa moyo wote.

Kuhusu ile nafasi tupu, baroti amekubali kuijaza. Ameomba majina yaandikwe kwa Kigujarati, na yule mzee wa hapa mjini ametuandikia: jina la bibi, jina la baba yake, kijiji chake cha Sengerema, halafu watoto wanne. Mama alitaka yeye aandikwe wa kwanza kwa sababu ndiye mkubwa. Nimeipiga picha karatasi hiyo na ule ukurasa wa unyayo wake, nikavituma Leicester jana jioni.