Uzoefu wangu: sehemu za chuo ninazozipenda, ndani na nje ya geti

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya huzungushwa chuo kizima: hapa utawala, pale hosteli, kule zahanati. Ziara hiyo inasaidia usipotee, lakini haikuambii ukae wapi. Mimi sehemu ya chuo naipima kwa jambo moja: je, naweza kukaa hapo kadiri ninavyotaka, bila kununua kitu na bila mtu kuniuliza nimefuata nini? Nyingi hushindwa hapo hapo.

Naanza na maktaba, ila sisemi ule ukumbi wa kusomea wa chini ambao kila mtu anaujua. Kule watu huwekeana viti kwa mabegi tangu asubuhi, soketi za umeme hazitoshi, na mitihani ikikaribia waifai inazidiwa. Panda juu, nenda kwenye rafu zenyewe. Vyuo vingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, mfumo uliotolewa na mkutubi Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Maarifa yamegawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Sayansi ziko 500, na humo ndani mimea iko 580 na wanyama 590. Vyuo vingine hutumia herufi za Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako mimea utaikuta QK. Vyovyote vile, faida ni ile ile: vitabu vya jambo moja vinakaa pamoja. Ukishajua fungu la somo lako, simama mbele ya rafu yake, inamisha kichwa, soma migongo ya vitabu kimoja kimoja. Kitabu nilichokifuata mara nyingi kimekuwa cha kawaida tu. Cha kushoto kwake, ambacho sikuwahi kusikia mtu akikitaja, ndicho kilichonitoa. Kompyuta hukupa ulichokiomba. Rafu hukupa na ambacho hukujua kama kipo.

Na kule juu ndiko kwenye utulivu wa kweli. Vile vitabu vinene vya majarida yaliyojalidiwa pamoja vinameza sauti, na wanaopita ni wachache. Baadhi ya vitabu vya zamani bado vina ile karatasi ya mihuri ya tarehe za kurudisha, na napenda kuisoma: kitabu kimeazimwa mfululizo miaka fulani, kisha kimya, kisha mtu akakikumbuka tena. Ukipata meza karibu na dirisha, kaa dirisha liwe ubavuni kwako, si mbele wala mgongoni. Mwanga hautakuchoma macho wala kuipiga skrini ya kompyuta yako.

Kwa mijadala ya vikundi, vimbweta havina mpinzani. Ile meza ya saruji chini ya mti, na mabenchi yake yasiyohama, imefundisha watu wengi. Ndani unanong'ona, kwenye kimbweta unaeleza kwa sauti, na ukieleza kwa sauti ndipo unagundua ni wapi hujaelewa. Kikundi cha watu wanne kinatosha. Wakizidi hapo, wawili wanasoma na waliobaki wanapiga soga. Ubaya wake unajulikana: mvua, mbu jua likizama, na hakuna pa kuchajia. Nenda na daftari.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo nasikitika wanafunzi wengi wanamaliza chuo bila kuiona: hebaria, chumba cha mimea iliyokaushwa. Kama chuo chako kinafundisha botania, uliza; huenda iko kwenye jengo unalolipita kila siku. Huko kuna makabati marefu ya chuma, na ndani yake majalada ya karatasi ngumu. Kila karatasi imebeba mmea mmoja uliobanwa ukakauka, ukabandikwa. Jani moja limegeuzwa makusudi ili uone na upande wa chini, kwa sababu vinyweleo na mishipa ya huko ndivyo vinavyotofautisha aina mbili zinazofanana. Pembeni kumewekwa kibahasha kidogo cha karatasi, cha kutunzia mbegu na vipande vilivyodondoka. Chini kulia kuna lebo: jina la kisayansi, mahali mmea ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Mara nyingine ameongeza rangi ya ua, maana alijua kwamba ua likikauka rangi itapotea.

Njia hii ni ya zamani. Anayetajwa kuianzisha ni Luca Ghini, mwalimu wa Bologna na baadaye Pisa, katika karne ya 16. Lakini hebaria si ya kumbukumbu tu. Watafiti hulinganisha tarehe za kuchanua za vielelezo vya zamani na za sasa ili kuona namna hali ya hewa ilivyobadilika, na kutoka kwenye kipande kidogo cha jani kikavu wanaweza kupata DNA. Nikiikumbuka kazi hiyo, naishika karatasi kwa heshima.

Ukienda, omba ruhusa kwa msimamizi na uache begi mlangoni. Usiingie na ua wala jani bichi. Wadudu ndio adui wa chumba kile, na hata vielelezo vipya hugandishwa kwanza kwenye friza kabla ya kuingizwa kabatini. Karatasi inainuliwa ikiwa bapa kwa mikono miwili; haigeuzwi kama ukurasa wa kitabu.

Ukumbi wa mihadhara ukiwa mtupu nao ni hazina, hasa kwa mwenye wasilisho wiki ijayo. Angalia ratiba mlangoni, muulize mlinzi, ingia. Andika sentensi ubaoni, kisha panda hadi safu ya nyuma kabisa uisome. Kama huioni vizuri, na msikilizaji wako hataiona. Hakuna kioo cha nyumbani kitakachokuonyesha hilo.

Kafeteria siipendekezi kwa kusoma. Ni ya kula na kukutana na watu, na kwa hilo inatosha.

Nje ya geti, sehemu yangu ni steshenari ya kutoa kopi na kujalidi. Wanaofanya kazi humo wanazijua kanuni za ukingo na jalada za kila idara kuliko wanafunzi wenyewe, na ukiwauliza kwa adabu watakuokoa. Peleka kazi yako ikiwa PDF, maana faili la kawaida likifunguliwa kwenye mashine nyingine maandishi yanaweza kuhama na majedwali kuvunjika. Na usisubiri siku ya mwisho ya kukusanya, foleni yake haina huruma.

Ukirudi ndani, nyingine ni ukuta wa matangazo kwenye korido ya idara. Watu wanaupita bila kusimama. Hapo hubandikwa nafasi za kusaidia utafiti, saa za kuonana na wahadhiri, na zaidi ya yote semina za idara, ambako mtafiti anasimama mbele ya wenzake na kuhojiwa kuhusu kazi ambayo bado haijachapishwa. Kwa kawaida ziko wazi kwa mwanafunzi yeyote, hata wa kitivo kingine. Mara ya kwanza hutaelewa nusu ya yanayosemwa. Nenda hivyo hivyo, kaa nyuma, na usiondoke mada inapokwisha, kwa sababu maswali ndiyo yanayofundisha zaidi: pale unawaona wahadhiri wako wakibishana kwa hoja, na mmoja wao akisema waziwazi kwamba hajui.