Wiki nane za mafunzo ya utafiti Mbeya: yamenifaa, ila njoo na akiba yako

Mimi ni binti wa Makete, nimesoma shule ya kata, sasa niko mwaka wa pili sayansi za maabara. Tangazo lilisema wanaopewa kipaumbele ni wasichana wa vijijini na wanafunzi wenye ulemavu, kwa kuwa kwenye utafiti wa afya tuko wachache. Nikaomba, nikachukuliwa. Likizo ndefu yote ikaishia kwenye baridi ya Mbeya, masweta mawili mawili.

Takwimu zilipita mbio kama basi la Tunduma, nitazirudia mwenyewe. Maabara ndiko nilikofaidi. Chuoni hadubini moja tunaigombania kundi zima. Huku tulikaa wawili wawili, tukipaka rangi makohozi kutafuta TB. Ile rangi nyekundu unaipasha kwa moto wa chini mpaka itoe mvuke, isichemke, halafu unaiacha dakika tano. Yangu ilitokota, ikakaukia kwenye kioo. Msimamizi akasema tu, "Mdogo wangu, tupa hiyo, anza upya." Slaidi ya nne ndiyo nikaviona: vijiti vyembamba vyekundu kwenye ubluu, ndio bakteria wa TB wenyewe. Nikamwita mwenzangu aangalie na yeye.

Rungwe nako sitakusahau. Nilimwamkia bibi mmoja, nikamsomea fomu ya ridhaa, ile ya kukubali kushiriki utafiti, mwanzo mwisho bila kupumua. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hayo makohozi yangu mkishayapima mnayapeleka wapi?" Jibu lilikuwa ukurasa wa pili, nilikuwa nimetoka kulisoma, lakini kulisema kwa maneno yangu nikashindwa. Jioni tukataka kurahisisha sentensi mbili za fomu. Kumbe huwezi kugusa hata neno bila kurudi kwa kamati ya maadili!

Sasa lawama. Posho ilichelewa wiki tatu, na likizo bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, haliingii, kwa hiyo tuliishi kwa viazi na maparachichi. Kilichoniudhi zaidi ni mwenzetu anayetembelea magongo kupangiwa chumba ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Siku kumi alipanda zile ngazi ndipo akahamishwa. Na tangazo lilikuwa limemwita yeye hasa.

Ningeomba tena? Ndiyo, kesho. Ila beba hela ya kula wiki tatu, na kama unatumia magongo au kiti cha magurudumu, ulizia chumba kabla hujakata tiketi.