Laina ya bwawa kwenye mchanga: miezi minane baadaye, maji bado yapo?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo siko mtaani Umoja, kwenye ile meza ya jikoni mliyoizoea. Niko Ruai, pembeni mwa Nairobi, na hili lililo nyuma yangu ni bwawa la samaki. Msicheke udogo wake: mita 10 kwa 6, kina mita 1.2 pale katikati. Leo sichambui samaki, nachambua hii plastiki nyeusi inayochungulia ukingoni, iliyotandikwa bwawani ili maji yasinywee ardhini. Madukani wanaiita damlaina, mimi nitasema laina tu. Nimeinunua kwa pesa yangu, hakuna aliyenituma, na nimekaa nayo miezi minane kabla ya kuwasha kamera.

Najua mnaoijua Ruai mnauliza, Ruai na mchanga wapi na wapi? Ni kweli, majirani zangu wanalia na udongo mweusi wa pamba, ule unaopasua kuta za nyumba. Lakini kipande changu kiko bondeni, na mto uliwahi kupita hapa ukaniachia mchanga wake. Tazama. Nachota, nalowesha, nafinyanga donge, narusha juu hivi, nadaka... umeona? Limesambaratika. Lenye mfinyanzi wa kutosha lingerudi mkononi likiwa donge bado.

Kipimo hiki ni cha bure, na mimi sikukifanya. Nilichimba, nikaita malori mawili ya maji, lita 20,000. Nilijaza jioni, asubuhi ya pili nikakuta tope na chura mmoja ananitazama kana kwamba mimi ndiye nimemkosea. Na kama donge halikuridhishi, chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji asubuhi. Jioni yatakuwa yameshuka, usiogope, udongo unakunywa kwanza. Ongeza yajae tena, funika kwa matawi, ukalale. Ukiamka ukakuta mengi bado yapo, hii video zima, huna haja ya laina.

Sasa, shosho, yaani bibi, wa hapo ng'ambo ya ua aliponiona nimesimama kando ya shimo kavu akaniambia, "Kijana wangu, si upake mavi ya ng'ombe kama tulivyokuwa tunapaka nyumba?" Msimcheke shosho. Hiyo njia ipo na inafanya kazi mahali pake: unatandaza samadi mbichi, unafunika kwa majani ya migomba au makaratasi, juu udongo, unashindilia, unaacha wiki mbili tatu bila hewa. Vijidudu vinavyoozesha ile samadi hutoa utelezi unaoziba vitundu vya udongo. Shida ni kwamba vitundu vya mchanga ni vikubwa mno kwa utelezi huo. Mimi nilipata nafuu, si dawa. Maji yaliacha kukimbia yakaanza kutembea, kiganja kizima kwa siku.

Ndipo nikaenda Eneo la Viwanda kutafuta laina. Duka la kwanza, kijana ananiambia, "Mkubwa, hii ni nusu milimita orijino." Nikaomba kipande cha bure, sentimita 50 kwa 50, nikaja nacho nyumbani nikakiweka kwenye mizani yangu ya keki. Gramu 95. Shikeni hesabu hii, ndiyo itakayowafaa kuliko yote niliyokuja nayo leo. Plastiki hii, ile iliyoandikwa HDPE, ni nyepesi kidogo kuliko maji. Mita moja ya mraba yenye unene wa nusu milimita inatakiwa iwe na gramu 470 hivi. Kipande cha 50 kwa 50 ni robo yake, kwa hiyo karibu gramu 118. Changu kilikuwa 95, maana yake unene ni kama milimita 0.4. Kwa macho huwezi kuona tofauti, kwa vidole pia huwezi, ila mfuko wako utakuwa umelipia tano ukapewa nne. Sikurudi pale. Duka la pili kipande kilipima 117, nikasema haya, hapa tunaongea.

La pili, urefu. Muuzaji atachukua urefu wa bwawa, aongeze kina mara mbili, aongeze na za ukingoni. Kwangu ilikuja mita 13.6 kwa 9.6, yaani karibu mita 131 za mraba. Hesabu hiyo ni ya shimo lenye kuta wima, na kwenye mchanga hakuna ukuta wima unaosimama, lazima ulaze kingo. Chukua kamba. Ianzie nje ya ukingo, ishuke ikilalia udongo, ipite chini, ipande upande wa pili, na uache sentimita 60 kila upande. Kamba yangu ilisema mita 12 kwa 8. Mita 96 tu! Kwa shilingi 190 niliyouziwa kila mita, hiyo ni shilingi 6,650 zimebaki mfukoni. Na nikabahatisha roli la upana wa mita 8, kwa hiyo hakuna kiungo hata kimoja. Kama bado hujachimba, uliza kwanza upana wa roli ndipo uamue upana wa shimo. Kila kiungo ni mahali pa kuvujia, na fundi wa kuchomelea halipwi kwa asante.

Haya, nilifika hapa na kilo 45 za plastiki juu ya pikapu, na kwa haraka zangu nikatandika juu ya ileile samadi ya shosho. Wiki ya tatu bwawa likaota tumbo. Naapa, katikati ya maji kulitokea mgongo mweusi kama kiboko anayepumua. Samadi iliendelea kuoza huko chini, ikatoa gesi, na gesi haikuwa na pa kutokea. Ikabidi nitoe maji yote, nikunje laina, nizoe uchafu wote kwa beleshi, nitandaze mchanga safi ndipo nirudishe. Kwa hiyo chagua moja, samadi au laina, usivifungishe ndoa. Na mchanga ambao tumeutukana tangu mwanzo wa video, ukiuchekecha mawe na mizizi, ndio godoro bora la laina.

Kingo nimezifukia kwenye mtaro wa sentimita 30 kuzunguka bwawa zima. Hapo sina la kuongeza.

Lawama zangu sasa. Hii laina ni ngumu, haikai kwenye kona, inakunja mikunjo kama shati lililotolewa begini, na kwenye mikunjo kinyesi cha samaki kinajificha. Itandike mchana jua likiwa kali, inalegea kidogo. Lawama ya pili ni gundi. Jembe lilitoboa kitundu, nikauziwa gundi nikiapiwa inashika. Siku mbili ikabanduka kama gaga la kidonda. HDPE ndiyo plastiki ya majerikeni ya maji, na gundi za kawaida haziishiki. Ilibidi nimlete fundi mwenye mashine ya hewa moto.

La tatu silisemi kwa mzaha. Kingo za laina zikilowa zinateleza kuliko sabuni. Mimi mwenyewe niliingia nikashindwa kutoka, nikavutwa na kijana wa kazi. Mtoto hatoki. Ona hizi kamba nne zenye mafundo zinazoning'inia ndani, na ua huu wa waya. Gharama hizi zihesabu pamoja na bei ya laina.

Mmeniuliza kuhusu bentonaiti. Ni udongo wa unga unaofura ukilowa ukaziba kila kitu. Kwenye mchanga unahitaji kilo 12 hivi kwa mita ya mraba, na bwawa hili, chini na kingo, lina kama mita 69. Ni zaidi ya kilo 800. Na tilapia huchimba viota chini wakitaka kutaga, tabaka likiwa jembamba watakutoboa wao wenyewe. Kwa mimi, hapana.

Ila kuna kitu kinanikera. Huo udongo mweusi wa pamba unaochimbwa kila siku kwenye viwanja vya ujenzi hapa Nairobi, watu wanalipa malori ukatupwe, madini yake yanayofura ni ya ukoo mmoja na bentonaiti. Tabaka la sentimita 30, ukilishindilia likiwa na unyevu, sentimita 15 kwanza kisha 15 nyingine, linashika maji hata juu ya mchanga. Kwangu ingekuwa mita 20 za ujazo na shimo kubwa zaidi. Udhaifu wake mnaujua, ukikauka unapasuka. Mwenye maji mwaka mzima aanzie huko. Mimi nanunua maji ya lori, bwawa langu litakauka siku moja, kwa hiyo nilienda laina na ningeenda tena. Nane juu ya kumi. Mbili nimekata kwa mikunjo na kwa kuteleza.

Tumalizie na hili beseni linaloelea. Lina maji, na nimelitia alama, sawa na hii fito iliyosimama bwawani. Kinachopunguza maji ya beseni ni jua na upepo tu. Wiki hii beseni limeshuka milimita 34, bwawa 36. Mbili za ziada, mara mita 60 za mraba, ni lita 120. Nimetafuta tundu siku mbili nzima. Jana jioni nikamkuta shosho na jerikeni yake ya lita 20, ananiambia sukuma wiki zake zinapenda maji ya samaki. Nikamuuliza, hii ni ya ngapi wiki hii? Ya sita.